Ujerumani Ina Milango Kumi na Sita

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi kwa mateso ambayo wazee wetu waliyapata mikononi mwa watawala wa Kijerumani. Maneno yale yalistahili kusemwa, na yalisemwa mahali panapostahili. Lakini yaliongeza nguvu mazoea yetu ya kuitazama Ujerumani kama mtu mmoja mwenye mdomo mmoja na mfuko mmoja, anayeishi Berlin, ambaye Dodoma ikizungumza naye vizuri basi mambo yetu yote yatanyooka. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini mazoea hayo yana hasara. Sehemu kubwa ya kumbukumbu zetu, na hata uhusiano wenye faida tulio nao leo, haiko mikononi mwa Serikali ya Berlin. Iko Bremen, Stuttgart, Herrnhut, Munich, Hamburg na kwingineko, katika miji na majimbo yenye mamlaka yake na bajeti yake. Halmashauri, vyuo na makanisa ya Mbeya na Iringa yaache kusubiri ugeni mwingine wa kitaifa, yaiandikie miji hiyo moja kwa moja.

Tuanze na muundo wenyewe. Ujerumani ikawa dola moja mwaka 1871, na miaka 20 tu baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi chake kilichoongozwa na Emil von Zelewski kiliangamizwa na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Lugalo. Waliotufikia, basi, walitoka katika nchi changa iliyounganishwa juzi: Waprusi, Wasaksoni, Wabavaria, kila kundi na mfalme wake, lahaja yake na madhehebu yake. Zelewski alizaliwa Prusia Magharibi, sehemu ambayo leo ni Poland. Tom von Prince, aliyemwinda Mkwawa na kuujenga mji wa Iringa, alizaliwa Mauritius na kusomea Liegnitz, mji ambao nao leo uko Poland. Anayetafuta Ujerumani moja katika historia hiyo atachoka mapema. Baada ya Vita vya Pili, katiba ya mwaka 1949 iliyarudishia majimbo nguvu zake kwa makusudi, maana Wajerumani walikuwa wameonja matunda ya madaraka yote kukaa mahali pamoja. Leo majimbo ni 16, na matatu kati yake, yaani Berlin, Hamburg na Bremen, ni miji iliyo majimbo kamili. Shule, vyuo vikuu, makumbusho na sehemu kubwa ya nyaraka ni mambo ya majimbo hayo na ya halmashauri za miji. Sisi tuliozoea Makumbusho ya Taifa kuwa shirika moja, na shule zote kupokea waraka kutoka Dodoma, tunapata shida kuamini kwamba Kansela wa Ujerumani hana mamlaka ya kuyaamuru makumbusho ya Stuttgart yafungue hata kasha moja.

Hakuna mahali ambapo kutoujua muundo huo kuliwagharimu watu kama katika habari ya fuvu la Mkwawa. Mtwa Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, miaka karibu minne baada ya ngome yake ya Kalenga kubomolewa na majeshi ya Gavana von Schele. Askari wa Kijerumani walikikata kichwa chake. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiitawala Tanganyika kwa niaba ya Waingereza, alipendekeza fuvu hilo lidaiwe, na kweli likaandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. (Kifungu hichohicho kilidai pia Kurani ya Khalifa Uthman, iliyoondolewa Madina, irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz; si kila siku Kalenga na Madina huandikwa kwenye karatasi moja.) Mkataba ulisainiwa na dola kubwa za dunia, muda ukawekwa, na bado miezi sita ikageuka miaka 35. Serikali ya Ujerumani ilijibu kwamba haina ushahidi wa fuvu hilo kufika kwao, Waingereza wakakubali jibu hilo, jalada likafungwa.

Jalada lilifunguliwa tena na Gavana Edward Twining, na kilicholifungua ni safari ya kwenda kwenye mji mmoja. Mwaka 1953 Twining alifika Bremen, mji wa bandari na wafanyabiashara ambao tangu mwaka 1896 ulikuwa na makumbusho yake wenyewe ya vitu vya ng'ambo. Humo alikuta mafuvu takriban 2,000, na kati yake 84 yakatajwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vipimo vilichukuliwa, vikalinganishwa na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, tundu la risasi likatazamwa, moja likachaguliwa. Mwaka 1954 likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama fuvu lile kweli ni la Mkwawa, na shaka yao ina msingi, kwa kuwa namna ya kulichagua isingekubalika leo katika maabara yoyote. Hata hivyo jambo linalonihusu hapa ni jingine. Mkataba wa mataifa ulishindwa kwa sababu ulibisha mlango wa dola, na dola haikuwa na vitabu vya hesabu vya makumbusho ya mji. Mtu aliyekwenda mjini aliondoka na kitu mkononi. Na yale mafuvu mengine yaliyotajwa kutoka huku kwetu, yalichukuliwa katika vijiji gani, na yaliandikwaje katika daftari la kupokelea? Wa kulijibu swali hilo ni Bremen. Mji huo hauwezi kusema kwamba haujui kazi hiyo, kwani Februari 2022 makumbusho hayohayo yaliwakabidhi Wahawaii mabaki ya wahenga wao.

Mfano wa Bremen ungeweza kupuuzwa kama bahati ya Mwingereza mmoja mwenye ukaidi, lakini miaka ya karibuni imeleta mingine. Mwaka 2019 Biblia na mjeledi wa Hendrik Witbooi, shujaa wa Wanama, vilirudishwa Namibia baada ya kukaa katika Makumbusho ya Linden, Stuttgart, kwa zaidi ya karne. Aliyevirudisha ni jimbo la Baden-Württemberg, na waziri wa jimbo hilo ndiye aliyevibeba hadi Gibeon. Katika suala la shaba za Benin, yaani sanamu zilizoporwa kutoka ufalme wa Benin ulio Nigeria ya leo, ni kweli Serikali ya shirikisho ilitia saini tamko na Nigeria mwezi Julai 2022. Lakini tamko halikuhamisha umiliki hata wa kipande kimoja. Ilibidi kila mwenye mali aamue kwake: Hamburg kwake, Baden-Württemberg kwake, na Köln ikabidi suala lipelekwe kwa madiwani, wakapiga kura mwezi Desemba mwaka huo. Hata majina ya mitaa huenda hivyohivyo. Wissmann, aliyekuwa gavana wa koloni na ambaye meli ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa ilibeba jina lake, aliondolewa kwenye mtaa mmoja wa Neukölln, Berlin, mwaka 2021, na mahali pake pakaandikwa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu kutoka Moshi. Uamuzi ulikuwa wa baraza la wilaya. Mwaka 2024, katika wilaya nyingine ya Berlin, sehemu ya barabara iliyopewa kwanza jina la Carl Peters, mwasisi wa koloni, ikaitwa Maji-Maji-Allee. Mambo hayo yalitokana na wakazi, baadhi yao Watanzania waishio huko, walioandikia baraza la wilaya yao kwa miaka mingi hadi likasikia.

Mbeya ina mlango wake mkubwa ambao wengi hawaujui, nao uko katika mji mdogo kiasi kwamba Mjerumani wa Hamburg huenda akahitaji ramani. Herrnhut uko Saksonia, karibu na mipaka ya Poland na Cheki. Ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini, na ndiko Kanisa la Moravian lilikozaliwa upya. Kutoka huko, mwaka 1891, walifika Rungwe wamisionari walioongozwa na Theodor Meyer, mwaka uleule ambao Misheni ya Berlin chini ya Alexander Merensky ilijenga vituo vyake vya kwanza upande wa Ziwa Nyasa. Baadaye wakafika Utengule, wakafika Mbozi. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani, na sehemu yao kubwa iko katika majimbo ya kanisa ya kusini, wakati Herrnhut yenyewe ina wakazi wa kujaza kata moja ya Mbeya na nafasi ikabaki. Lakini mji huo una kitu ambacho Mbeya haina. Una hifadhi ya nyaraka za kanisa zima, ambako vituo vya misheni vilituma taarifa na barua zake, na una makumbusho yenye vitu vilivyokusanywa na wamisionari tangu karne ya 19, ambayo sasa yako chini ya jimbo la Saksonia. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Herrnhut katika orodha ya urithi wa dunia.

Uzito wa nyaraka hizo unaonekana zaidi tukikumbuka jinsi habari za Unyakyusa, Usafwa, Unyiha na Ukinga za miaka ya 1890 zilivyotufikia. Wazee waliozishuhudia hawapo. Maofisa wa Kijerumani waliandika kuhusu kodi na adhabu. Wamisionari, pamoja na kasoro zao zote na jicho lao la kutafuta upagani kila kichaka, waliandika pia mambo ya kila siku: nani alikuja kuomba dawa, mvua ilichelewa mwezi gani, machifu wawili waligombania nini, mwanamke yupi alikimbilia misheni na kwa sababu gani. Vita vya Kwanza vilipoingia Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, Waskoti wa Livingstonia wakashika nafasi kwa muda, kisha Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Mnyororo wa kumbukumbu ukakatika huku kwetu, ila zile zilizopelekwa kule kabla ya vita zilibaki. Kizuizi kilichopo ni cha kazi tu, maana maandishi mengi ni ya mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kilicho Mbeya na kilicho cha kanisa hilohilo, kina haki kuliko taasisi nyingine yoyote duniani kuomba nakala za kielektroniki za shajara za Rungwe na Mbozi, pamoja na nafasi za kuwafundisha vijana wawili watatu kuusoma mwandiko huo. Ombi kama hilo halihitaji Rais wala Kansela.

Milango mingine nitaipitia kwa haraka. Jiji la Mbeya lenyewe halikujengwa na Wajerumani. Lilikua mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya Waingereza na kwa mvuto wa dhahabu ya Lupa. Makao ya Wajerumani upande huu yalikuwa Tukuyu, waliyoiita Neu-Langenburg baada ya kuhama kutoka Langenburg ya kwanza, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jina lilitoka kwa Mwanamfalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, kiongozi wa Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, na kasri la ukoo wake lipo hadi leo katika kijiji-mji cha Langenburg, jimbo la Baden-Württemberg. Hamburg nayo ilipeleka meli za Deutsche Ost-Afrika Linie tangu mwaka 1890, na chuo chake cha magonjwa ya tropiki kiliwahi kuongozwa na Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi aliyezunguka milima yetu mwishoni mwa miaka ya 1890 akipiga picha, akikusanya vitu na kupima miili ya watu. Kitabu chake kikubwa kuhusu nchi za Nyasa na Ruvuma kilitoka mwaka 1906. Watawa wa Mtakatifu Otilia kutoka Bavaria walianzisha Tosamaganga kabla ya Waitaliano wa Consolata kuipokea. Orodha ni ndefu, na kila jina ndani yake ni anwani inayoweza kuandikiwa barua.

Hapa ndipo msomaji wa Ilemi au Kihesa atakaponikatiza kwa haki. Mafuvu na shajara ni mambo ya heshima, atasema, lakini bei ya mbolea iko palepale, na barabara ya kutoka shambani haipitiki masika. Miji ya Ujerumani itatusaidia nini? Jibu liko Mbeya kwenyewe. Kituo cha Utafiti wa Tiba cha NIMR Mbeya kimefanya kazi kwa miongo kadhaa na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, uhusiano uliokua kutokana na mpango wa kupambana na UKIMWI mkoani Mbeya uliosaidiwa na Ujerumani tangu mwaka 1988. Mpango ungeweza kwisha kama miradi mingine inavyokwisha, gari likabaki juu ya matofali. Haukuisha kwa sababu chuo kimoja cha mji mmoja kilishikamana na hospitali na watafiti wa mkoa mmoja. Leo majaribio ya dawa za kifua kikuu yanayofuatwa duniani hufanyika Mbeya, na yanaendeshwa na wanasayansi wa Kitanzania waliopata shahada zao katika ushirikiano huo. Nenda Ifakara, upande wa pili wa milima ya Udzungwa, utakuta jambo lilelile kwa lafudhi ya Uswisi: maabara ndogo iliyoanzishwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy wa Basel ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Geigy hakutumwa na Serikali ya Uswisi kuja kutafuta marafiki. Alikuwa na taasisi ya mji wake na swali la kisayansi kuhusu kupe na mbung'o.

Nchini kwetu wenzetu walitutangulia. Tanga na Eckernförde, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, wamefungamana tangu mwaka 1963. Mwanza na Würzburg tangu 1966, na matunda yake yanaonekana katika hospitali ya Bugando. Dar es Salaam na Hamburg wakasainiana mwaka 2010, na kiwanda cha mboji cha Mabwepande ni mojawapo ya vitu vilivyotokana na mkono huo. Jirani zetu Rwanda walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1982 nchi nzima ina uhusiano na jimbo moja, Rheinland-Pfalz, na ndani yake shule zimeshikana na shule, tarafa na tarafa. Serikali zilibadilika pande zote mbili, Rwanda ikapita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na uhusiano huo haukufa. Siamini kwamba Wanyarwanda ni wajanja kuliko sisi. Walichagua mshirika wa kimo chao, mwenye watu wanaoweza kufahamiana kwa majina.

Pingamizi la kisheria ni zito zaidi. Mambo ya nje ni mambo ya Muungano. Mkoa hauwezi kujifanya nchi. Ni kweli, na sitaki ujifanye. Kuna deni la vita, na mdaiwa wa deni hilo ni dola iliyomtuma Zelewski, iliyomtuma von Schele, na iliyochoma mashamba wakati wa Majimaji hadi njaa ikamaliza kazi ya risasi. Mrithi wa dola hiyo ni Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani, na wa kuidai ni Serikali ya Tanzania. Suala la fidia libaki hapo, Dodoma na Berlin, na ningesikitika sana kuona Berlin ikijificha nyuma ya madiwani wa Bremen. Pia Berlin yenyewe ina vitu vingi: taasisi ya urithi wa Prusia, inayomilikiwa na shirikisho pamoja na majimbo yote 16, ilirithi mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na takriban 200 ya kwetu, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu hao huko Kilimanjaro. Hata makabidhiano ya mwisho ya kitu chochote yatapita wizarani, kama sheria ya mambo ya kale inavyotaka. Lakini kuuliza kuna nini, kuomba nakala, kutuma mtafiti, kuunganisha hospitali na hospitali, hayo hayahitaji mkataba wa kimataifa. Katiba yetu, katika ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Tanga haikuvunja Muungano mwaka 1963, kwanza Muungano wenyewe ulikuwa haujazaliwa, wala haijauvunja tangu ulipozaliwa.

Lipo pingamizi jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini: tukienda wenyewe tutagombana. Nani mwenye fuvu, ukoo au mkoa? Nani mwenye shajara, kanisa au halmashauri? Hofu hiyo ina ushahidi. Biblia ya Witbooi ilipokuwa ikirudishwa, chama cha viongozi wa jadi wa Wanama kilikwenda mahakamani hukohuko Stuttgart kupinga isikabidhiwe kwa Serikali ya Namibia, na kilishindwa. Nchini Nigeria, mwezi Machi 2023 Rais Buhari alimtangaza Oba wa Benin kuwa mmiliki wa shaba zilizorudi, na wapo Wajerumani waliohoji kwa sauti kubwa kama walikabidhi kwa mtu sahihi. Ila angalia wakati ugomvi ulipotokea. Kule Namibia vitu vilikuwa vimeshafungwa tayari kwa safari. Kule Nigeria vilikuwa vimeshashuka. Mazungumzo ya ngazi ya juu hayakuuzuia ugomvi, yaliuahirisha tu hadi ukawa wa aibu. Iringa ina nafasi ya kuyamaliza hayo mapema. Kalenga kuna makumbusho na ukoo unaofahamika, na mjini kuna Boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016 chini ya usimamizi wa Chuo Kikuu cha Iringa. Watu hao wanaweza kukaa meza moja na wazee wa koo nyingine za Wahehe, Wabena na Wakinga, wakaandikiana nani atapokea nini, kabla barua ya kwanza haijatumwa.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonipa shida, na sitalizunguka. Tunajua undugu wa miji ulivyoliwa mara nyingi. Ujumbe wa watu kumi na wawili husafiri, picha hupigwa mbele ya ukumbi wa mji, zawadi za vinyago hubadilishwa, posho huandikwa, na mwaka unaofuata ni zamu ya wao kuja kuona simba. Halmashauri inayokwenda Bremen bila orodha ya maswali itarudi na kofia. Kwa hiyo ningependa milango hii ifunguliwe na watu wenye kazi mahsusi: wahifadhi nyaraka, wauguzi, walimu wa historia, wataalamu wa misitu wa Mufindi, wakulima wa chai wa Rungwe ambako mbegu ya zao hilo ilipandwa Kyimbila na Wajerumani mwaka 1904. Madiwani wapokee taarifa kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata kama yanavyobandikwa mapato na matumizi, na safari isiyo na taarifa isilipwe. Upande wa Ujerumani nao tuwe macho. Kwa kuwa mamlaka yamegawanyika, ni rahisi jimbo kusema linangoja Berlin na Berlin kusema inaheshimu jimbo. Mwezi Machi 2019 shirikisho, majimbo na miji walikubaliana kwa pamoja namna ya kushughulikia vitu vya kikoloni, na mwaka uliofuata wakaweka ofisi moja ya kupokea maswali kutoka nje. Aliye na jina la mji, jina la makumbusho na namba ya daftari hawezi kuzungushwa kirahisi kama anayeuliza Ujerumani kwa jumla.

Kama ni kuchagua pa kuanzia, ningeanza na Herrnhut, kisha Bremen. Nakala za shajara ni rahisi kuliko yote: hakuna anayenyang'anywa chochote, gharama ni ya mashine na mishahara ya watu wachache, na kanisa la pande zote mbili ni lilelile. Bremen itahitaji subira na ushauri wa wizara, na ombi la kwanza liwe dogo, yaani kurasa za daftari zinazoonyesha kila kitu kilichoingia kutoka Uhehe, Ubena, Ukinga na Unyakyusa kati ya mwaka 1891 na 1914, jina la aliyekileta na mahali alipodai amekitoa. Chuo cha Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa vina wanahistoria wa kuiandika barua hiyo kwa wiki moja, na Boma lina mahali pa kuyapokea majibu.